Msamiati wa filamu kwa anayeanza: maneno, kazi zake, na zoezi la shoti nane

Aliyesoma fasihi mpaka kidato cha nne tayari ana nusu ya msamiati wa filamu, ila hajaambiwa. Msuko, wahusika, mandhari, mgogoro, taharuki, kilele, kisengerenyuma: yote aliyakariri kwa ajili ya mtihani, na yote yanafanya kazi kwenye filamu. Nusu iliyobaki ni maneno ya jicho na sikio. Hayo watu wa Dar huyaokota lokesheni, yaani mahali pa kushutia, moja leo, jingine kesho, ndiyo maana unamkuta mtu anatamka "klozapu", picha ya karibu ya uso, vizuri kabisa lakini hawezi kukwambia kwa nini imewekwa pale na si sekunde kumi kabla.

Kanuni ya kujifunzia ni moja. Neno halijawa lako mpaka uweze kusema linamfanya nini mtazamaji. Kwa hiyo kila neno unaloandika kwenye daftari liwe na mistari miwili: wa kwanza, ni kitu gani, wa pili, kinaleta nini kwa anayetazama. Ukikosa mstari wa pili, acha nafasi na urudi baadaye. Usijaze kwa kubahatisha.

Vifaa ni vichache: daftari, kalamu za rangi mbili, na kipande cha filamu cha dakika tatu ambacho umeshakiona. Kompyuta inasaidia kuliko simu. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, herufi E husogeza fremu moja moja, yaani picha moja mgando baada ya nyingine. Kwenye YouTube, simamisha kwanza, kisha alama ya nukta inakupeleka fremu moja mbele na ya koma inakurudisha moja nyuma. Bila hivyo hutaona mkato, pale kipande kimoja cha picha kinapoungana na kingine, unapotokea, maana mkato mzuri umetengenezwa usionekane.

Hatua ya kwanza: maneno ya hadithi

Watoto wa vibanda umiza walishamaliza somo hili kitambo. Kuna steringi na kuna adui, na steringi hafi. Tukivua utani, steringi ndiye mhusika mkuu, na unamtambua kwa maswali matatu: anataka nini, nini kinamzuia, na akikosa anapoteza nini. Swali la tatu ndilo filamu nyingi za hapa nyumbani zinalisahau. Kijana anataka kuoa, wazazi wa binti wanakataa, sawa; lakini kama akikataliwa maisha yake yanaendelea vilevile, mtazamaji hana sababu ya kukaa saa nzima na nusu.

Kisa na msuko si kitu kimoja. Kisa ni mambo yalivyotokea tangu mwanzo hadi mwisho kwa mpangilio wa kalenda. Msuko ni mpangilio ambao mtazamaji anaupewa. Mwizi aliiba Jumatatu, akakamatwa Ijumaa: hicho ni kisa. Filamu ikianza Ijumaa kituo cha polisi, halafu ikarudi Jumatatu, huo ni msuko, na kule kurudi nyuma ndiko kisengerenyuma. Kabla hujasifia kisengerenyuma chochote, jiulize kinampa mtazamaji taarifa gani ambayo ingekosa nguvu kama ingekuja kwa zamu yake. Mara nyingi jibu ni hakuna. Mwandishi alichoka tu.

Taharuki nayo huchanganywa na mshtuko. Ukimwonyesha mtazamaji mtu amejificha nyuma ya pazia, halafu dada wa nyumbani akaingia anaimba, akapanga vyombo, akaketi, hiyo ni taharuki: mtazamaji anajua, mhusika hajui. Ukiwaficha wote wawili, mtazamaji na mhusika, mtu akachomoka ghafla, ni mshtuko. Taharuki inaweza kudumu dakika tano. Mshtuko ni wa sekunde mbili, ukiisha umeisha.

Kilele ni pale mgogoro unapolazimika kuamuliwa, si lazima pawe na kelele au ngumi. Dhamira ni jambo ambalo filamu inalichunguza. Funzo ni jibu lililopachikwa mwishoni. Filamu inaweza kuwa na dhamira nzito bila funzo lolote. Halafu yapo mafumbo, yaani maneno ya juu yakisema hiki na maana ya chini ikisema kile. Hapa Mswahili ana mtaji mkubwa, kwani anayeweza kusoma khanga anaweza kuandika mazungumzo ya filamu.

Hatua ya pili: vipimo vya filamu

Fremu ni picha moja mgando. Sinema ya kawaida ina fremu 24 kwa sekunde, kasi iliyokubalika tangu filamu zilipoanza kuwa na sauti mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwa video ya hapa kwetu, 25 ni salama zaidi, na sababu yake ni umeme. Umeme wa Tanzania una mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa za tyubu na taa nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi kwa fremu 25 na shata 1/50, yaani kamera ikipokea nuru kwa sehemu ya 50 ya sekunde kwa kila fremu, basi kila fremu inapata mipepeso miwili kamili na picha inatulia. Simu zikiachwa zijichagulie mara nyingi huenda kwenye 30 na 1/60. Ndipo unapoona mistari inapita juu ya ukuta na fundi anaanza kulaumu kamera.

Shoti, kwenye filamu iliyokamilika, ni kipande kinachoanzia mkato mmoja hadi unaofuata. Teki ni jaribio. Shoti moja inaweza kuwa na teki saba, ikatumika moja. Sini ni mahali pamoja na wakati mmoja: ukibadilisha mahali au wakati, umeanza sini nyingine. Ndiyo maana kwenye skripti kila sini huanza na mstari kama huu:

NJE. UWANI, NYUMBA YA KUPANGA, MANZESE – JIONI

Mstari huo si mapambo. Mtu wa taa anasoma "jioni", mtu wa sauti anasoma "nje", na mwenye bajeti anasoma "Manzese". Skripti iliyopangwa kwa mtindo huo wa kawaida, herufi za Courier ukubwa wa 12, hukadiriwa ukurasa mmoja kwa dakika moja. Ni makadirio tu: ukurasa wa majibizano unakwenda haraka, mstari mmoja wa "wanapigana" unaweza kula dakika tatu.

Hatua ya tatu: ukubwa wa picha

Ukubwa unapimwa kwa mwili wa mtu. Kwenye picha pana, mtu ni mdogo na mahali ndipo panapotawala. Inajibu swali la "tuko wapi". Picha ya mwili mzima inaonyesha mwendo na mavazi. Midiamu inakata kiunoni, na ndiyo picha ya mazungumzo kwa sababu unaona uso pamoja na mikono. Klozapu inaanzia mabegani kwenda juu. Klozapu kali inachukua sehemu tu: jicho, kidole kwenye simu, funguo.

Usikate mwili kwenye kiungo. Fremu ikiishia gotini, kiwikoni au shingoni, mtu anaonekana kama amekatwa kweli. Ishushe au ipandishe kidogo, katikati ya paja au katikati ya kifua.

Kosa kubwa hapa ni kutumia klozapu tangu mwanzo. Klozapu ni kama kupaza sauti. Ukipaza sauti kuanzia salamu, habari ya msiba utaitolea sauti ipi?

Pembe inakwenda pamoja na ukubwa. Kamera ikiwa chini inatazama juu, mtu anaongezeka uzito. Ikiwa juu inatazama chini, anapungua. Usawa wa macho hauegemei upande wowote, na kwa sini nyingi unatosha.

Hatua ya nne: lenzi na mwendo

Kamera kuu ya simu nyingi ina upana unaolingana na lenzi ya milimita 24 hadi 26 kwenye kamera kubwa. Ukiisogeza karibu na uso ili upate klozapu, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Tatizo ni umbali uliosimama, wala si ubovu wa simu. Rudi nyuma hatua mbili, chagua ukuzaji wa mara mbili (2x) kwenye skrini, uso utarudi kwenye umbo lake. Wapiga picha hupenda milimita 50 hadi 85 kwa nyuso kwa sababu hiyohiyo.

Pani ni kamera kugeuka kushoto au kulia ikiwa imesimama palepale. Tilti ni kuinua au kuinamisha. Doli ni kamera yenyewe kusafiri, iwe juu ya reli, kiti cha magurudumu au toroli. Zumu haisafiri, inakuza picha tu. Tofauti ya zumu na doli inaonekana nyuma ya mhusika: kwenye doli, vitu vya mbele na vya nyuma vinapishana kwa kasi tofauti kama unavyoona nyumba na minazi ukiwa dirishani mwa basi, kwenye zumu vyote vinavimba kwa pamoja. Doli inamsogeza mtazamaji. Zumu inamwelekezea kidole, na ndiyo maana zumu ya ghafla kwenye uso wa mama mkwe inachekesha hata pale isipokusudiwa.

Kwa pani, tumia hesabu hii: kitu kichukue kama sekunde saba kuvuka fremu kutoka ukingo hadi ukingo. Ukienda haraka zaidi picha inatetema, na kwenye skrini kubwa inaumiza macho. Ukiwa unamfuata mtu anayetembea, sheria hiyo inalegea, kwa kuwa jicho limemganda yeye.

Hatua ya tano: mwanga na kilichomo ndani ya fremu

Mwanga una majina matatu ya kuanzia. Mwanga mkuu ndio unaotengeneza umbo la uso, kwa kawaida ukitokea pembeni kiasi cha nyuzi 45. Mwanga wa kujaza unapunguza kivuli cha upande wa pili. Mwanga wa nyuma unamtenganisha mtu na ukuta. Ukiwa na taa moja tu, iweke pembeni, na upande wa pili simamisha manila nyeupe irudishe nuru.

Dar jua la saa sita mchana liko karibu utosini, hasa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Linatia kivuli kwenye matundu ya macho na mhusika anaonekana mgonjwa. Mpeleke chini ya kibaraza au mwembe, uso wake uelekee kwenye uwazi. Nuru laini ya jioni nayo haisubiri. Jua linazama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, na giza linaingia ndani ya dakika 25 hivi. Kwa hiyo anza na klozapu, ambazo zinahitaji nuru nzuri zaidi.

Jambo la ngozi nyeusi halisemwi vya kutosha. Kamera inayojipima yenyewe ikikutana na ukuta mweupe inashusha mwanga wa picha nzima, na uso unazama. Gusa uso kwenye skrini, shikilia hadi kipimo kijifunge, kisha hamisha mhusika mbali na ukuta mweupe kama inawezekana. Ukuta ukiungua kidogo, yaani ukizidiwa na mwanga, ni hasara ndogo. Uso ukipotea umepoteza sini.

Kilichomo ndani ya fremu kinasema hata kama hukukusudia. Mfano mdogo: mhusika ameshika mfuko wa rambo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia 1 Juni 2019. Basi rambo hilo linamwambia mtazamaji kuwa hadithi ni ya zamani, au kwamba mtu wa vifaa alipitiwa. Vivyo hivyo kalenda ukutani, noti, sare ya shule, simu. Tazama kipande chako kwa fremu moja na uorodheshe vitu kumi. Vitano vitakuwa na kazi. Vingine vilikuwepo tu.

Hatua ya sita: mkato

Mkato unaunganisha shoti mbili na kuzaa maana ambayo haimo katika yoyote kati yake. Mrusi Lev Kuleshov alilionyesha hilo baada ya mapinduzi ya 1917: uso uleule wa mwigizaji, usiobadilika, ukafuatanishwa na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Watu wakaona njaa, huzuni na tamaa kwenye uso ambao haukufanya lolote. Ukielewa hili utaacha kumwomba mwigizaji akunje uso kila mara.

Sheria ya mstari ndiyo inayovunjwa zaidi. Watu wawili wakiongea, chora mstari wa kufikirika kati yao na uiweke kamera upande mmoja tu wa mstari huo. Hapo mmoja atatazama kulia, mwingine kushoto, nasi tunaamini wanatazamana. Ukivuka, wote wataangalia upande mmoja kama abiria wa daladala. Ukitaka kuvuka kwa makusudi, songesha kamera bila kukata, au weka katikati ya shoti hizo mbili shoti isiyo na upande, kama klozapu ya mikono.

Sheria ya pili: ukikata kutoka shoti moja kwenda nyingine ya mtu yuleyule, badilisha pembe angalau nyuzi 30, au badilisha ukubwa kwa hatua inayoonekana. Vinginevyo picha inaruka kama kanda iliyokwaruzwa.

Mwendelezo ni ule uangalifu kwamba glasi iliyokuwa nusu ibaki nusu, na mkono ulioshika kijiko uwe uleule. Piga picha ya simu mwishoni mwa kila teki, inatosha.

Hatua ya saba: sauti

Gawanya sauti mara mbili. Ya ndani ya hadithi ni ile ambayo mhusika mwenyewe anaisikia: redio ya jirani, adhana, bodaboda. Ya nje ya hadithi ni ya mtazamaji peke yake, kama muziki wa kusindikiza au sauti ya msimulizi. Wale wanaotafsiri filamu za kigeni kwa kusimulia juu yake nao wako nje ya hadithi, na wengine ni watamu kuliko filamu zenyewe.

Sauti inaweza kuutangulia mkato, tukasikia sini ijayo kabla ya kuiona, au ikachelewa, maneno ya huyu yakaendelea juu ya uso wa yule anayesikiliza. Mazungumzo yanayokatwa sauti na picha kwa pamoja kila mara yanakuwa kama mpira wa meza.

Maiki ikae sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni. Kabla ya kuondoka lokesheni, kila mtu anyamaze, rekodi sekunde 60 za mahali penyewe. Mhariri ataziba nazo mapengo. Na kinanda kisichokoma chini ya kila sentensi, tafadhali, kipumzike. Muziki unaoanza sini ikianza na kuisha sini ikiisha hauelezi chochote.

Hatua ya nane: kusoma sini, kisha kuishuti

Kipande chako kitazame mara nne. Mara ya kwanza bila kuandika. Mara ya pili bila sauti. Mara ya tatu funga macho, sikiliza tu. Mara ya nne simamisha kwenye kila mkato na ujaze jedwali: namba ya shoti, sekunde, ukubwa, sauti, kazi. Gawanya jumla ya sekunde kwa idadi ya shoti upate wastani. Huu hapa mfano uliotungwa kwa zoezi. Mama Rehema, mwenye nyumba, anapepeta mchele uwani. Side, mpangaji, anarudi jioni.

1. Sekunde 9. Picha pana: uwani, nguo kwenye kamba, Side anaingia na mfuko wa maandazi. Mchele unasikika kwenye ungo. Kazi: mahali, na umbali kati yao.
2. Sekunde 5. Midiamu, Mama Rehema haangalii juu. Kazi: yeye ndiye mwenye muda.
3. Sekunde 4. Midiamu, Side: "Shikamoo mama."
4. Sekunde 6. Midiamu, Mama Rehema: "Marahaba mwanangu. Hivi leo tarehe ngapi?" Ungo unasimama.
5. Sekunde 3. Klozapu, Side. Kimya.
6. Sekunde 3. Klozapu kali, vidole vinaubana mfuko, sauti yake nje ya fremu: "Tarehe tano, mama."
7. Sekunde 6. Klozapu, Mama Rehema anainua uso kwa mara ya kwanza: "Siku zinakimbia."
8. Sekunde 12. Picha pana ileile, Side anavuka kuelekea mlangoni kwake. Ungo unaanza tena.

Jumla sekunde 48, shoti 8, wastani sekunde 6. Lakini wastani unaficha jambo: katikati shoti zinafupika hadi tatu tatu, halafu ya mwisho inarefuka mara nne. Neno "kodi" halijatajwa popote. Limebebwa na fumbo, na vidole, na ungo uliosimama. Klozapu zimechelewa hadi shoti ya tano, ndiyo maana zina uzito. Na shoti ya sita, kwa kuwa ni mikono, ingekupa nafasi ya kuvuka mstari kama ungetaka.

Sasa ishuti uani kwenu kwa simu, fremu 25, shata 1/50. Kwa zoezi la nyumbani hutahitaji zaidi ya ridhaa ya waliomo. Ukitaka kutengeneza filamu ya kutoka hadharani, taratibu za vibali ziko Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Anza saa 11 jioni na shoti ya tano, sita na saba, kisha midiamu, na picha pana zote mbili mwishoni, kamera ikiwa haijaguswa kati ya ya kwanza na ya nane.

Ukishahariri, zima sauti na umwonyeshe mtu ambaye hajasoma skripti. Muulize yule mama anadai nini. Akisema kodi, au hela tu, picha zimefanya kazi. Akisema "anauliza habari za maandazi", rudi kwenye shoti ya sita: huenda vidole havijabana vya kutosha, au mfuko umechukua fremu nzima.